Je, wajua kwa nini mwenye selimundu huonekana mzima huku mifupa ikimuuma?

Ofisini kuna yule anayevaa sweta mwaka mzima. Kiyoyozi kikiwashwa anahama meza. Chupa ya maji haimtoki mkononi, chooni anakwenda kila mara, na kuna wiki haonekani kabisa kazini. Akirudi yuko vizuri tu, anacheka na watu. Wenzake wameshamhukumu: mvivu, anadeka, haishiwi visingizio.

Huenda mtu huyo ana selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita mtaani. Ni ugonjwa wa kurithi wa damu, na mtoto huupata pale anaporithi kinasaba chake kwa baba na kwa mama, mara nyingi bila wazazi wenyewe kujua kuwa wanacho. Kila kinachowaudhi wenzake wa ofisini kina sababu ndani ya damu hiyo.

Chanzo chake ni kidogo ajabu. Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, ina mnyororo uitwao beta wenye asidi amino 146, yaani vipande vidogo vinavyoijenga. Mwaka 1956 mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge, aligundua kwamba kwa wagonjwa hawa ni asidi amino moja tu iliyobadilika. Hiyo moja inatosha. Himoglobini ikishaachia oksijeni, molekuli zake hushikana na kuwa nyuzi ngumu, chembe nyekundu hupinda mfano wa mundu, hukakamaa na kunatanata, kisha huziba mishipa midogo ya damu. Baridi huibana mishipa, ndiyo maana ya sweta. Upungufu wa maji mwilini huongeza kupinda kwa chembe, ndiyo maana ya chupa. Na kwa kuwa figo zilizoathirika hushindwa kubana maji kwenye mkojo, lazima aende chooni, usiku na mchana. Mwanafunzi mwenye selimundu anayeomba ruhusa mara tatu katika kipindi kimoja hatoroki hesabu.

Sasa maumivu yenyewe yako wapi, mbona hatuyaoni? Yako ndani ya mfupa, kwenye uboho, ambako mishipa imeziba na sehemu ya mfupa inakosa oksijeni. Misuli ya moyo ikikosa damu namna hiyo tunaita shambulio la moyo na kila mtu anakimbia kutafuta gari. Mfupa wa paja ukikosa damu, ngozi ya juu inabaki laini na safi, bila jeraha wala damu, na mara nyingi bila hata uvimbe. Kwa watoto wachanga viganja na nyayo huvimba, hapo angalau mama anaona. Mtu mzima hana bahati hiyo.

Hata vipimo havimsaidii sana. Picha ya eksirei ya siku hiyo inaweza kutoka safi. Himoglobini yake siku zote iko chini, mara nyingi kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita, kwa sababu chembe zake huishi siku 10 hadi 20 badala ya siku 120 za chembe za kawaida. Kwa hiyo namba ileile anayotembea nayo akiwa mzima anaweza kuwa nayo akiwa analia kwa maumivu. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha maumivu. Kipimo kilichopo ni mdomo wake.

Na hapa ndipo panaponiuma mimi zaidi, kwa sababu mdomo huo mara nyingi hauaminiwi. Mtu aliyeumwa tangu akiwa na miezi michache hujifunza kuishi na maumivu. Anapiga soga kwenye simu ili asiyafikirie. Anasinzia kwa uchovu, nesi anapita na kusema, huyu mbona amelala? Anajua dawa inayomtuliza na kiasi chake, anaitaja kwa jina, na kule kujua kwake ndiko kunakomponza: anaonekana mraibu wa mofini, dawa kali ya maumivu. Mwaka 2019, mjini London, kijana wa miaka 21 mwenye selimundu alipiga simu ya dharura akiwa kitandani hospitalini, akiomba oksijeni, kwa kuwa waliokuwa karibu naye hawakumpa. Alifariki. Mwaka 2021 kundi la wabunge wa Uingereza lilitoa ripoti nzito juu ya namna wagonjwa hawa wasivyosikilizwa.

Mtaani hukumu ni za aina nyingine. Chembe zikivunjika kwa wingi hutoa bilirubini, taka yenye rangi ya manjano, na macho huwa ya manjano. Watu wakiona macho hayo wanasema pombe, au wanamwogopa kana kwamba ana ugonjwa wa ini wa kuambukiza. Ukuaji huchelewa, hivyo kijana wa miaka 20 anaweza kuonekana wa 14, akadharauliwa benki na kwenye usaili wa kazi. Nyumbani kuna wanaotafuta mchawi, na kuna wanaomwambia mama usihangaike na ada, huyu hakui.

Haya yanasikitisha zaidi ukijua kwamba ugonjwa huu ni wetu. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na nchi iko kwenye kundi la mbele duniani pamoja na Nigeria, India na Kongo. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo mwaka 1949 akipima damu, akakuta wenye kinasaba hiki wamejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache milimani. Mwaka 1954 alichapisha jibu: malaria. Mwenye kinasaba kimoja tu hakingwi kikamilifu, lakini malaria kali humpata kwa nadra, kwa hiyo kinasaba kilidumu palipo na mbu. Aliyekirithi pande zote mbili ndiye anayeumwa.

Tiba ipo. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, huamsha himoglobini ya uchanga, ambayo haifanyi chembe zipinde. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa inapunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto. Anayeimeza kila siku huonekana mzima zaidi, na wasiojua humshuku zaidi.

Uingereza wamejaribu njia ya alama. Mwaka 2016 uwanja wa ndege wa Gatwick ulianza kutoa ukanda wa shingoni wa kijani wenye maua ya alizeti kwa wenye ulemavu usioonekana, na mwaka 2017 usafiri wa London ukaleta beji ya kuomba kiti. Ni jambo jema, ingawa naona si haki mtu avae ugonjwa wake kifuani ndipo aruhusiwe kukaa.

Hospitalini kinachohitajika kinajulikana. Mwongozo wa chama cha madaktari wa damu wa Marekani, wa mwaka 2020, unataka mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu makali apewe dawa ndani ya saa moja tangu afike, kisha aulizwe tena kila baada ya dakika 30 hadi 60. Swali lenyewe ni fupi: kutoka sifuri hadi kumi, inauma ngapi? Akisema tisa, inaandikwa tisa, hata kama simu iko sikioni.