Tetemeko ndani ya kompyuta: kipande kimoja kidogo kinavyokula siku 10

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1985 Mexico City ilitikiswa vibaya na tetemeko lililoanzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka pale. Mbali kote huko, lakini maelfu walikufa. Sababu mji umekaa juu ya ziwa la zamani, udongo wa mfinyanzi uliolowa maji, sasa wimbi likiingia mle linapunguza mwendo, linakua, halafu linabaki linazungukazunguka kama chai kwenye kikombe. Udongo ulikuwa unayumba mara moja kila sekunde 2 hivi, na majengo ya ghorofa 6 mpaka 15 nayo yakaingia kwenye mdundo huohuo, ndo yaliyoumia zaidi.

Watu wanatuuliza sisi tunaopiga hesabu za matetemeko, si muliweke tu tetemeko kwenye kompyuta mjue wapi patatikisika sana? Tunaweka jamani, ila ina bei. Piga hesabu mwenyewe: kwenye mwamba wimbi linaenda kama mita 3,000 kwa sekunde, kwenye ule udongo hata 100 halifiki, kwa hiyo wimbi la sekunde 2 mwambani lina urefu wa kilomita 6 na udongoni haligusi mita 200. Sisi tunaikata ardhi vipande, tunaviita elementi, na kila wimbi lazima lipate nodi za kutosha, yani pointi ambapo kompyuta inapiga hesabu, la sivyo kompyuta inakuchorea wimbi ambalo halipo. Ukikata upande wa elementi nusu, elementi zinakuwa mara 8, na hatua ya muda, yani ule muda mdogo ambao hesabu inasonga mbele kila mara, nayo inabidi iwe nusu, kazi mara 16!

Halafu kuna madeni. Kwenye mbinu ya kawaida ya elementi kila nodi inadaiana na majirani zake, huwezi kujua mwendo wa moja bila ya wengine, ni kama kikoba ambacho hakuna anayejua chake mpaka mahesabu ya wote yafungwe, na unayafunga upya kila hatua, maelfu ya hatua. Watafiti Komatitsch na Tromp mwaka 1999 walionesha njia nyingine kwa matetemeko, elementi za spektra: elementi kubwa, kwa kawaida nodi 5 kila upande, yani nodi 125 kwa elementi moja, na nodi hizo zimesogeleana kwenye kingo. Palepale penye nodi ndipo tunapojumlishia uzito wa elementi, basi madeni yanafutika, kila nodi inabaki na uzito wake, unagawanya nguvu kwa uzito huo unasonga. Kuna kosa kadogo linaingia hapo, tunalibeba makusudi.

Ila mimi kilichonitesa ni kitu cha kijinga zaidi. Elementi moja ya mita 4 ilijificha kwenye udongo katikati ya wenzake wa mita 80, na hatua ya muda inaamuliwa na mdogo wao, daladala nzima inamsubiri abiria mmoja. Kazi ya nusu siku ikasoma siku 10. Siku hizi unaweza kuziacha ndogo zipige hatua zake fupi fupi wakati kubwa zinapiga ndefu, lakini siku ile tulisogeza nodi mbili kwa mkono, tukawasha jioni, asubuhi tukaikuta imeisha.