Aksenti za Kifaransa bila kuharibu ng'ombe

Ankara ikitoka Dodoma kwenda Bujumbura na neno «paye» badala ya «payé», mpokeaji hasomi kwamba imelipwa. Anasoma "lipa". Ndiyo maana kistari kile hakiachwi eti ni pambo.

Jina lenyewe hupotosha. Ukisikia aksenti unafikiria mkazo, lakini mkazo wa Kifaransa huangukia mwisho wa kauli na hauandikwi. Alama hizi zinabadili sauti, au zinatenganisha maneno yanayofanana.

É ni e finyu: tanua midomo, ulimi uelekee i. È ni e ya wazi, na hiyo ndiyo iliyo jirani na e ya "pesa". Wanafunzi wengi hapa kwetu huzisoma zote mbili kama ya "pesa", kwa hiyo kinachohitaji mazoezi ni é. À na ù hazibadili sauti kabisa: «a» ni "ana", «à» ni "kwa, kwenye", «ou» ni "au", «où» ni "wapi". Ù haina neno jingine zaidi ya hilo. Ç huandikwa mbele ya a, o na u tu, ili c isisomwe k. Nukta mbili za «Noël» zinasema kila irabu isomwe peke yake, jambo ambalo kwetu ni kawaida.

Kofia ya ê na ô mara nyingi ni kaburi la s iliyokufa: «forêt», «fête», «hôpital». Hospitali yetu bado inayo. Marekebisho ya tahajia ya 1990 yanaruhusu kuivua kofia kwenye i na u, ila si pale inapotenganisha maana: «sur» ni "juu ya", «sûr» ni "hakika". Na usimwite mvuvi («pêcheur») mwenye dhambi («pécheur»).

Sasa kuchapa. Kompyuta nyingi za steshenari zina kibodi ya Kimarekani. Njia ya Alt ni hii: washa Num Lock, shikilia Alt, andika 130 upate é, 138 è, 133 à, 135 ç, kisha achia. Lazima utumie namba za upande wa kulia. Zile za juu ya herufi hazifanyi kazi, na laptopu ndogo nyingi hazina za kulia. Kwenye Word, bonyeza Ctrl pamoja na ' , achia, kisha e. Kwa ç ni Ctrl na mkato, kisha c. Nje ya Word usitegemee njia hiyo.

Mimi napendekeza kuongeza kibodi ya United States-International kwenye mipangilio ya lugha ya Windows. Hapo ' kisha e huleta é, ` kisha e huleta è, ^ kisha o huleta ô, ' kisha c huleta ç. Shida yake inatuhusu sisi hasa: ukiandika ng'ombe unapata "ngómbe", na ng'ambo inakuwa "ngámbo". Hata «c'est» hugeuka "cést". Dawa ni kubonyeza ' , kisha nafasi, ndipo irabu. Ukirudi kwenye Kiswahili, kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi vinakurudishia kibodi ya kawaida.

Kwenye simu, kandamiza e kwa muda na uchague.

Herufi kubwa nazo zinavaa aksenti. Académie française, chombo cha Ufaransa kinachosimamia lugha, inasisitiza hivyo. É ni Alt 144, À ni Alt 0192, na sifuri ya mwanzo usiiruke.

Ukifungua faili ukakuta "payÃ©", aliyeandika hakukosea. Faili imehifadhiwa kwa UTF-8, yaani usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi kama namba) wa kisasa, na programu yako inaisoma kwa usimbaji wa zamani. Usianze kusahihisha neno moja moja. Ifunge bila kuhifadhi, kisha kwenye Excel iingize upya kupitia Data, From Text/CSV, ukichagua 65001, ambayo ni namba ya UTF-8.