Kwaresima siyo kuacha nyama tu

Jamani kuna wenzetu wanasema malipo ya wachumaji karafuu ni siasa, Kwaresima sisi tufunge tu tusali basi. Sivyo hata kidogo! Isaya 58 inawagomba wanaofunga huku wanawakandamiza wafanyakazi wao. Cesar Chavez, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani kule California, mwaka 1968 alifunga siku 25 kwa ajili ya vibarua wa mashambani, akafungulia kwenye misa. Sasa hapa Pemba mtu yuko juu ya mkarafuu tangu asubuhi, usiku anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka vidole vinanuka, anapimiwa pishi zake halafu anaambiwa njoo wiki ijayo, na mwenye shamba eti kafunga. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka alipwe siku ileile, jua halijachwa.