Nakolepsi: si uvivu, si majini

Nakolepsi ni nini?
Ni ugonjwa sugu wa ubongo. Wagonjwa wengi wamepungukiwa haipokretini, kemikali inayotuweka macho, hivyo usingizi huwavamia mchana wakila, wakiongea, wakiandika. Mara nyingi huanza kati ya miaka 10 na 30.

Mwanangu analala darasani kila siku. Si uvivu huo?
Hapana. Mvivu hukwepa kazi asiyoipenda. Huyu anasinzia hata kwenye mechi ya timu yake. Hapa hospitalini naletewa watoto waliochapwa viboko miaka mizima kwa kosa la kuumwa. Kama usiku analala vya kutosha na mchana bado anasinzia, weka fimbo chini, mlete.

Akicheka sana magoti yanalegea, anaanguka. Ni kifafa?
Huenda sicho. Katika nakolepsi kicheko au mshtuko hulegeza misuli kwa sekunde kadhaa hadi dakika chache, lakini fahamu haipotei: anasikia kila mnachosema. Mwelezeni daktari hivyo hivyo, asije akapewa dawa za kifafa bure.

Usiku anakabwa na jinamizi, anaona watu chumbani. Tuanze kwa mganga?
Hapana! Hizo ni ndoto zinazoingia mtu akiwa bado macho, mwili umeshalala. Hata wasio na ugonjwa huu hupata mara moja moja.

Basi atolewe majini kwanza, hospitali baadaye?
Hapana, nasema tena. Kuomba ombeni, mkiwa njiani kuja hospitali. Hiyo "baadaye" ndiyo inayoniletea watu wameungua kwa kusinzia jikoni.

Kuna tiba?
Ya kuponya kabisa, hapana. Ya kumrudisha kwenye masomo na kazi, ipo: dawa kama modafinili, kulala na kuamka kwa saa zilezile, na kujilaza mchana dakika 15 hadi 20. Ombeni rufaa kwa daktari wa mfumo wa fahamu. Kipimo chenyewe ni kulala: usiku mzima, kisha vipindi vifupi mchana. Mgonjwa hushikwa na usingizi ndani ya dakika 8 kwa wastani.

Naendesha bodaboda. Nikitafuna mirungi nitamudu?
Hapana. Mirungi inakuharibia usingizi wa usiku, na mchana utasinzia zaidi. Paki pikipiki leo, si baada ya marejesho ya wiki hii, mpaka daktari akuruhusu. Una abiria mgongoni.