Mwanafunzi wa bei nafuu si mhitimu wa bei nafuu

Kila bajeti ya elimu inapojadiliwa hapa Mwanza hoja hurudi ileile: shule hii inatumia shilingi 600,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ile 700,000, basi hii ndiyo yenye tija. Hapana! Hiyo ni gharama ya kumweka mtoto darasani mwaka mmoja. Haisemi kama alifika mwisho.

Chukua mfano. Shule ya kwanza inaanza na watoto 100 Kidato cha Kwanza. Cha Pili wanabaki 85, cha Tatu 72, cha Nne 60, wanafaulu 45. Jumlisha vidato vyote vinne: 317. Zidisha kwa 600,000, gawanya kwa 45. Kila aliyefaulu amegharimu takribani 4,227,000. Shule ya pili: 100, 97, 95, 93, wanafaulu 80. Yaani 385 mara 700,000, gawanya kwa 80: takribani 3,369,000. Iliyoitwa ghali ndiyo nafuu, kwa sababu ya kwanza imelipia miaka ya watoto walioishia njiani. Ila aliyehamia shule nyingine usimhesabu kwenye mdondoko. Mfuatilie kwa namba yake ya PREM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi.

Na kufaulu ni nini? Daraja la Nne huhesabiwa ufaulu, lakini Kidato cha Tano kinataka angalau C tatu. Ukibadili kigezo, shule hupishana nafasi. Kwa hiyo kiandike kabla hujafungua matokeo, la sivyo utachagua kinachokupendeza.

Gharama nazo hazimo zote kwenye vitabu vya shule. Mishahara ya walimu haipiti huko. Darasa la 20,000,000 usilibebeshe mwaka mmoja. Kwa miaka 40 ni 500,000 kila mwaka. Ongeza sare, chakula, nauli na kodi ya geto, ambazo elimu bila ada haikuziondoa.

Mahudhurio ya visiwa vya Ukerewe na Kome yahesabiwe mara mbili, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na madawati matupu ya wavulana huonyesha hivyo asubuhi.

Kinachonisumbua bado ni kianzio. Tunalinganisha shule kwa alama za Darasa la Saba, mtihani ambao wengi wameufanya kwa Kiswahili, kisha sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto akiporomoka, ni mwalimu au ni lugha? Hesabu yangu haivitenganishi, na sijaona inayovitenganisha kwa namna ninayoiamini.