Je, kila kilicho cha asili ni sahihi? Tuanze na muhogo mchungu

Muuza dawa alipanda daladala na chupa tatu mkononi, ndani yake maji ya kahawia. "Ndugu abiria, hii si kemikali. Ni mizizi mitupu, asilia kabisa, haina madhara." Mama aliyekaa mbele yangu akafungua pochi. Wiki hiyohiyo, kijiweni, nilimsikia mzee mmoja akifunga ubishi kuhusu nani apike nyumbani: "Hayo ni maumbile, wanangu. Mwanamke kaumbwa hivyo."

Mmoja anauza, mwingine anabishana, lakini hoja ni ileile: kitu kipo hivyo kilivyo, basi ndivyo kinavyofaa kuwa. Je, ni kweli?

Tuuangalie muhogo. Mmea huu hauwezi kukimbia wala kupiga teke, kwa hiyo una silaha yake. Ndani ya seli zake kuna kemikali iitwayo linamarini, na pembeni, mbali nayo, kimekaa kimeng'enya, yaani protini inayoweza kuivunja kemikali hiyo. Panya akiuma, seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na mwisho wake hutoka sayanidi. Ndiyo, sumu ileile ya kwenye filamu za majasusi, na hakuna kiwanda kilichoitia humo. Mihogo mitamu ina kidogo, zaidi kwenye ganda na majani. Ile michungu inayo mpaka kwenye nyama yake. Ajabu ni kwamba wakulima wengi wanaipenda hiyohiyo michungu. Nguruwe pori na nyani hawaifurahii, na mwizi wa usiku hawezi kung'oa akatafuna papo hapo.

Kinachoifanya iliwe ni kazi ya mikono. Humenywa, ikalowekwa siku tatu hivi mpaka ilainike na kutoa ile harufu yake kali, ikaanikwa juani, ikatwangwa, ndipo unga unapatikana. Kazi hiyo ikikatishwa, watu huumia. Mwaka 1985 ukame uliikumba Tarime, kaskazini mwa Tanzania, njaa ikabana, na mihogo michungu ikaliwa kabla haijaandaliwa ipasavyo. Watu waliokuwa wazima wakakakamaa miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na ulemavu wake ni wa maisha. Huwapata zaidi watoto na wanawake, hasa pale mlo unapokuwa muhogo mtupu bila maharage wala samaki, kwa sababu mwili unahitaji protini ili kuivunja nguvu sumu hiyo.

Hapo mzizi asilia ndio uliodhuru. Kilichokuwa kikiwalinda watu miaka yote ni ndoo ya maji, jua na subira, yaani ufundi waliorithishana.

Na hata huo uasili wenyewe una utata. Muhogo si wa kwetu. Watu wa Amerika ya Kusini waliulima maelfu ya miaka, na Wareno wakauleta Afrika katika karne ya 16. Mahindi tunayoyaita ya kienyeji yalianzia mikononi mwa wakulima wa Mexico. Ukisema cha asili ni kile ambacho mkono wa binadamu haujakigusa, shambani kwako utabaki na magugu. Ukisema cha asili ni kila kilichopo, kwa kuwa binadamu naye ni kiumbe kama wengine, basi plastiki ni ya asili, rushwa ni ya asili, na mbu wa malaria hana tofauti na mchicha. Neno likishakumba vyote, halichagui tena kitu. Kwa vyovyote vile, muuza dawa hapati msaada.

Wapo wanaosema tujifunze kwa wanyama. Haya, twende Serengeti. Simba dume wageni wakiwafukuza waliokuwa na kundi, huwaua watoto wadogo wanaowakuta. Sababu yake inaeleweka: jike mwenye watoto wachanga hapandwi, akiwapoteza hurudi kwenye joto mapema, na dume ana miaka michache tu ya kutawala kundi kabla hajafukuzwa naye. Maelezo hayo yamenyooka kabisa kisayansi. Sijasikia baba wa kambo aliyethubutu kujitetea nayo mahakamani.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskochi, aliugundua mruko huu mwaka 1740. Alisema waandishi wa maadili huanza na "ni" na "si", halafu ghafla unakuta "yapasa" na "haipasi", na hakuna anayeeleza wamevukaje. Sisi tunavuka kwa methali: kawaida ni kama sheria. Methali yenyewe nadhani ni ya tahadhari kuliko tunavyodhani, kwa sababu haikusema kawaida ni sheria. Imesema ni kama.

Kwa hiyo mzee wa kijiweni akitaka wanawake wapike, alete sababu za kupika: nani ana muda, nani anajua, nani kachoka. Maumbile yamesema nani anaweza kunyonyesha. Kuhusu ugali hayajasema lolote, na mwiko haumwulizi anayeushika kaumbwaje.

Kwenye daladala sikunyamaza. "Kaka, hata muhogo mchungu ni asilia. Hiyo mizizi yako imelowekwa siku ngapi?"

Abiria wakacheka. Naye akacheka, akagonga bati. "Konda, shusha hapo!"

Mama wa mbele yangu alikuwa ameshalipa.