Je, wajua kwa nini kushusha kreatinini si sawa na kuponya figo?

Majibu ya damu ya baba yalisomeka: kreatinini 128. Pembeni, maabara ilikuwa imechapa kiwango cha kawaida cha mwanamume, mwisho 110. Wiki mbili nzima nilimnywesha maji na kumnyima nyama. Alipopima tena ikawa 112, nyumba nzima ikamshukuru Mungu. Niliamini kreatinini ni sumu inayokula figo, na tukiipunguza figo zinapumua.

Sivyo. Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli huhifadhi kreatini kwa ajili ya nguvu, na kila siku asilimia 1 hadi 2 hivi ya akiba hiyo hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, ikaingia kwenye damu, figo zikaichuja hadi kwenye mkojo. Si yenyewe inayoharibu figo. Inatuonyesha tu kasi ya uchujaji.

Inaonyeshaje? Chukua ndoo ya maji. Kila dakika unatia kijiko kimoja cha chumvi, unachota kikombe kimoja na kumwaga, kisha unajazia kikombe cha maji safi. Mwanzoni chumvi hupanda, halafu hufika mahali ikatulia: pale ambapo kila kikombe unachomwaga kina kijiko kimoja kamili cha chumvi. Sasa punguza kikombe kiwe nusu, kijiko kibaki kilekile. Ili nusu kikombe kitoe kijiko kizima, maji lazima yawe na chumvi mara mbili. Kijiko ni misuli, kikombe ni figo. Ndiyo maana uchujaji ukipungua nusu, kreatinini huongezeka takriban maradufu.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Mtu ambaye kawaida yake ni 60 akipoteza theluthi moja ya uchujaji hufika kama 90, na karatasi bado inasema yuko sawa. Bibi aliyekonda ana kijiko kidogo, hivyo namba yake hupendeza hata figo zikiwa zimechoka. Kijana wa gym mwenye misuli mikubwa anaweza kuvuka kiwango akiwa mzima kabisa. Maabara hujaribu kurekebisha hili kwa kukokotoa eGFR, makadirio ya uchujaji yanayozingatia umri na jinsia. Yakikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Lakini nayo ni makadirio: utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini ulionyesha kwamba hesabu za kreatinini huwapa watu wetu uchujaji mzuri kuliko walio nao kweli.

Na nyama? Ikipikwa, kreatini yake hugeuka kreatinini, kwa hiyo sahani ya nyama choma jana usiku yaweza kupandisha namba asubuhi. Nilipomnyima baba nyama nilipunguza chumvi ya kwenye ndoo, kikombe hakikukua. Maji nayo humsaidia aliyeishiwa maji mwilini, lakini jaribio la Kanada lililochapishwa 2018 liliwahimiza wagonjwa wa figo kunywa zaidi kwa mwaka mzima, na figo zao ziliendelea kushuka kama za wenzao.

La ajabu zaidi ni dawa. Septrin, na dolutegravir iliyomo kwenye vidonge vya TLD vya kufubaza virusi vya UKIMWI, huziba njia ya pembeni ambayo figo hutumia kusukuma nje sehemu ya kreatinini. Namba hupanda, uchujaji uko palepale. Enalapril na losartan, dawa za presha, zinaweza kuipandisha kidogo mwanzoni huku zikizilinda figo kwa miaka. Daktari huvumilia ongezeko la hadi asilimia 30 hivi. Mgonjwa akiziacha kwa hofu ya namba, anaacha kinga yake. Wakati huohuo diklofenaki ya dukani, anayoimeza kila siku kwa ajili ya magoti, ndiyo inayoweza kuziumiza kweli.

Kinachosaidia figo ni kudhibiti presha na sukari, na kuachana na dawa kama hizo za maumivu. Siku hizi baba hupima na mkojo pia, kutafuta albumini, protini inayoweza kuanza kuvuja miaka mingi kabla kreatinini haijasogea. Presha yake ilikuwa 170 juu. Wiki zile mbili za maji, hakuna aliyeipima.